Treni za Kuchezea za Zamani Zinazopatikana Mitumbani: Namna ya Kuzitambua na Kukadiria Thamani Yake

Kwenye mafungu ya vitu vya watoto yanayomwagwa juu ya maturubai katika masoko ya Mtwara, Masasi na Lindi, katikati ya midoli isiyo na mikono na magari ya plastiki yaliyopoteza magurudumu, mara mojamoja hujitokeza kichwa kidogo cha treni cha bati au cha plastiki nzito, behewa moja au mawili, na vipande vya reli vilivyofungwa pamoja kwa mpira. Muuzaji hutaja bei ya kitu cha mtoto, kwa kuwa ndivyo kilivyoingia ndani ya belo. Mnunuzi aliyepata kusikia kwamba treni za kale huuzwa ghali Ulaya huamini kuwa ameokota dhahabu. Mara nyingi wote wawili hukosea, na sababu ya kukosea kwao ni moja, nayo ni kukipa bei kitu ambacho hawajakitambua. Thamani ya treni hizi haitokani na ukongwe peke yake. Hutokana na majibu ya maswali mawili yanayopaswa kuulizwa kwa kufuatana: hiki ni kitu gani hasa, na kitu hicho, kikiwa katika hali hii, kimekuwa kikinunuliwa kwa kiasi gani.

Huku Kusini vitu hivi vina njia zaidi ya moja ya kufika. Vilivyo vingi huja na mitumba ya siku hizi kupitia Dar es Salaam, navyo ni bidhaa za viwandani za miaka ya 1970 na kuendelea. Hata hivyo historia ya mikoa hii inaruhusu pia vitu vya zamani zaidi. Wamisionari wa Kianglikana wa UMCA kutoka Uingereza waliweka kituo Masasi mwaka 1876, Wabenediktini wa Ujerumani wakaanzisha misheni ya Ndanda mwaka 1906, na mpango wa serikali ya Uingereza wa kulima karanga ulioanza mwaka 1947 ukaleta Waingereza wengi Nachingwea, Lindi na Mtwara, ukajenga na reli yake ya upana wa mita moja kutoka pwani hadi Nachingwea, ambayo ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960. Kwa hiyo treni yenye maandishi ya Kijerumani, au yenye jina la kiwanda cha Liverpool, iliyotoka katika kabati la nyumba ya zamani, haipaswi kumshangaza mtu. Lakini maelezo ya muuzaji kuhusu ilikotoka hayatoshi kuwa ushahidi, kwa sababu ushahidi wenyewe umechapwa na kugongwa mwilini mwa treni.

Kazi ya kwanza ni kupima. Mtu achukue kipande cha reli, aweke rula kati ya kingo za ndani za vyuma viwili vya pembeni, asome kwa milimita. Kama reli haikupatikana, apime kati ya magurudumu mawili ya ekseli moja, akijua kwamba kipimo hicho kitakuwa pungufu kidogo kuliko upana wa njia, kwa kuwa gurudumu huachiwa nafasi ya kupita bila kukwama. Milimita 45 ni geji (yaani upana wa njia) ya 1, ambayo pia hutumiwa na treni kubwa za bustani za LGB zilizoanza kutengenezwa mwaka 1968. Milimita 32 ni geji ya 0, iliyotawala treni za bati kabla ya Vita Vikuu vya Pili. Milimita 16.5 ni kipimo cha HO na cha OO, ambazo ndizo zinazokutwa kwa wingi kuliko nyingine zote. Kisha kuna milimita 12 za TT, milimita 9 za N, na milimita 6.5 za Z, iliyoletwa na Märklin mwaka 1972. Kampuni hiyo ya Göppingen, Ujerumani, iliyoanzishwa mwaka 1859, ndiyo iliyoonyesha katika maonyesho ya biashara ya Leipzig ya mwaka 1891 treni zilizopangwa kwa upana maalumu wa njia, na vipimo vya viwanda vya baadaye vikaufuata utaratibu huo.

Upana wa njia usichanganywe na mizani. Mizani ni uwiano kati ya modeli na treni halisi. Reli ya SGR ya nchi yetu ina upana wa milimita 1,435, sawa na reli nyingi za Ulaya na Marekani. Ukigawa 1,435 kwa 87 utapata milimita 16.5, na hiyo ndiyo HO, yaani mizani ya 1:87. Waingereza walitumia njia ileile ya milimita 16.5, lakini miili ya treni zao wakaijenga kwa mizani ya 1:76, na hiyo ndiyo OO. Ndiyo sababu kichwa cha Kiingereza na behewa la Kijerumani hukaa juu ya reli moja bila shida, ilhali ukiviweka bega kwa bega kimoja huonekana kimepanda juu ya mwenzake. Anayejua jambo hili hutambua haraka kwamba seti aliyouziwa imekusanywa kutoka katika seti mbili tofauti. (Reli yetu ya Nachingwea, kwa mizani ya 1:87, ingehitaji njia ya milimita 11.5 hivi, na wanaotengeneza modeli za reli za upana wa mita moja hutumia njia ya milimita 12.)

Baada ya kupima, mtu aangalie treni ilikuwa ikiendeshwa kwa nguvu gani. Tundu la ufunguo ubavuni huonyesha kuwa ni treni ya kamani, na ufunguo wa asili ukiwepo usiachwe sokoni. Reli yenye chuma cha tatu katikati inaelekeza kwenye mifumo michache tu: treni za umeme za geji ya 0, zikiwemo za Lionel ya Marekani, pamoja na Trix Express ya Nuremberg iliyoanza mwaka 1935, na Hornby Dublo ya Uingereza iliyoanza mwaka 1938. Märklin ya HO kwa miaka mingi imetumia vidoto vidogo vya chuma katikati ya mataruma badala ya reli nzima ya tatu, na chini ya kichwa chake kuna ulimi mrefu wa chuma unaoburuzwa juu ya vidoto hivyo kuchukua umeme wa mkondo geu (AC). Ulimi huo ukionekana, treni hiyo haitatembea kwenye reli za kawaida zenye vyuma viwili vya mkondo mnyoofu (DC), na mnunuzi asiyejua hilo huishia kusema mbovu kitu kisicho na kasoro.

Sasa igeuzwe juu chini. Hapa ndipo ninapowasihi watu wasiwe na haraka, kwa sababu tumbo la treni husema mengi kuliko ubavu wake. Vumbi hujaa ndani ya herufi zilizogongwa kwenye bati mpaka zikaonekana kama mikwaruzo. Mswaki mkavu na laini, pamoja na tochi ya simu iliyolazwa ili mwanga upite kwa mshazari, huzifanya zisomeke moja baada ya nyingine. Angalia chini ya kichwa, chini ya kila behewa, upande wa chini wa vipande vya reli, na ndani ya mfuniko wa boksi.

Maandishi ya nchi hutoa kipindi. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 na sheria ya ushuru ya Marekani ya mwaka 1890 ndizo zilizosukuma viwanda kuandika nchi ya asili kwenye bidhaa zilizopelekwa huko, kwa hiyo neno "Germany" peke yake halitoshi kuonyesha umri. Lakini "US Zone Germany" ni ya miaka michache tu baada ya Vita Vikuu vya Pili, "Western Germany" na "West Germany" ni za kabla ya Ujerumani kuungana mwaka 1990, na "Made in GDR" ni ya Ujerumani Mashariki, ambako kiwanda cha treni cha Piko kilianzia mwaka 1949. "Occupied Japan" ni ya kabla ya mwaka 1952. "Hong Kong" kwa kawaida huashiria plastiki ya miaka ya 1960 na kuendelea. Herufi "D.R.G.M." zimepotosha watu wengi wakidhani ni jina la kiwanda, kumbe ni alama ya usajili wa muundo katika Ujerumani ya wakati ule, iliyotumiwa na viwanda vingi kuanzia mwaka 1891, na haimtaji mtengenezaji yeyote. Herufi "GBN", kwa upande mwingine, ni za mtengenezaji: ndugu Bing wa Nuremberg, ambao baada ya Vita Vikuu vya Kwanza walitumia "BW", na ambao kampuni yao iliporomoka mwanzoni mwa miaka ya 1930. Bati lenye mojawapo ya alama hizo mbili linastahili kuwekwa pembeni mara moja.

Kwa treni za Kiingereza, jina lenyewe ni kalenda, mradi mtu alisome lote. Frank Hornby alianza kuuza treni za kamani za geji ya 0 mwaka 1920 kupitia kampuni yake ya Meccano ya Liverpool. Hornby Dublo, iliyo ndogo zaidi, ilifuata mwaka 1938. Mwaka 1964 Meccano ilichukuliwa na Lines Bros, waliokuwa wakimiliki chapa nyingine ya treni, Tri-ang, na kuanzia mwaka 1965 maboksi yakaandikwa "Tri-ang Hornby". Mwaka 1972 jina likawa "Hornby Railways". Kuelekea mwisho wa miaka ya 1990 uzalishaji ulihamia China. Hivyo mtu anayetangaza "Hornby ya kale" hajasema lolote bado, kwa sababu jina hilo limebeba bati la kamani la miaka ya 1920 na pia plastiki iliyotengenezwa juzi.

Mtego mkubwa kuliko yote ni namba iliyoandikwa ubavuni. Watu huichukua kama namba ya toleo, au hata kama mwaka. Tuchukue 4472, namba ya Flying Scotsman, treni halisi ya Uingereza inayojulikana sana. Namba hiyo imewekwa kwenye modeli za watengenezaji mbalimbali, za bati na za plastiki, za geji kubwa na ndogo, tangu miaka ya 1920 hadi leo. Namba ya ubavuni hutaja treni halisi iliyoigwa, basi. Namba ya katalogi, ambayo ndiyo inayomwezesha mtu kutafuta bei, huwa ama chini ya treni ama mwisho wa boksi. Kwa Märklin, kwa mfano, 3000 ni namba ya katalogi ya kichwa kidogo cheusi chenye tangi la maji pembeni, kilichouzwa kwa miongo mingi na kuwekwa katika seti nyingi za watoto. Kwa sababu kilitengenezwa kwa wingi mno, kwa kawaida ni cha bei nafuu, ingawa ni cha zamani na kimeundwa kwa uimara wa kupendeza.

Hali ya kitu ndiyo inayofuata, na hapa kuna ugonjwa ambao kila mnunuzi wa treni za kabla ya miaka ya 1950 anapaswa kuujua kwa macho. Sehemu nyingi za wakati huo zilimiminwa kwenye kalibu kwa mchanganyiko wa zinki, na pale ambapo zinki ilichafuliwa na risasi, hata kwa kiasi kidogo, chuma hicho huoza kutoka ndani kadiri miaka inavyopita, na unyevu huzidisha hali hiyo. Dalili ya kwanza ni nyufa nyembamba sana zinazosambaa chini ya rangi kwa namna ya utando wa buibui. Kisha sehemu huvimba: gurudumu haliwi tena duara kamili, ekseli inakaza, fremu inapinda katikati kama upinde. Mwishoni kipande kinavunjika vidoleni kwa kubanwa tu, na ndani yake huonekana kijivu cha chengachenga. Ugonjwa huu hauna tiba, wala hauambukizi kipande kilicho karibu. Magurudumu yaliyooza yanaweza kubadilishwa, kwa kuwa yapo ya kununua, lakini fremu iliyooza imekwisha, na bei inapaswa kushuka kulingana na hilo. Bati lenyewe halina ugonjwa huo, ila lina kutu, na hewa ya chumvi ya Mikindani au ya Kilwa Kivinje huchochea kutu kwa haraka.

Kuhusu kusafisha, msimamo wangu ni mkali: kitu kisiguswe kwa sabuni, petroli, msasa wala steeliwaya mpaka kitambuliwe. Rangi ya asili iliyochakaa inathaminiwa na wakusanyaji kuliko rangi mpya inayong'aa, na bati lililochapwa rangi kiwandani likisuguliwa hupoteza maandishi na vernishi yake kwa dakika chache. Kitambaa kikavu na brashi laini vinatosha. Kadhalika, rangi za zamani mara nyingi zilikuwa na madini ya risasi, kwa hiyo treni ya bati ya miaka hiyo isirudishwe mikononi mwa mtoto mdogo anayetia kila kitu mdomoni, hata kama ilitengenezwa kwa ajili ya watoto.

Kujaribu kwa umeme kunahitaji tahadhari zaidi. Umeme wetu ni wa volti 230. Transfoma ya Lionel imetengenezwa kwa volti 120 za Marekani. Ikichomekwa ukutani Mtwara itaungua, na inaweza kumuunguza aliyeishika. Transfoma za Ulaya zinakaribiana na umeme wetu kwa volti, lakini waya zake za zamani zilifunikwa kwa mpira ambao kwa sasa umekauka na kupasuka, na fundi anapaswa kuzikagua kwanza. Kwa kichwa cha reli mbili cha mkondo mnyoofu hakuna haja ya transfoma kabisa: betri ya mraba ya volti 9, waya mbili zikigusishwa magurudumu ya kushoto na ya kulia, zinatosha kuonyesha kama mota iko hai. Ikikaza, tone moja la mafuta ya cherehani kwenye kila mwisho wa ekseli, kisha subira. Mota ya zamani isifunguliwe kwa udadisi tu, kwa kuwa baadhi ya sumaku za miaka ya 1930 hadi 1950 hupoteza nguvu zinapotenganishwa na chuma chake.

Jambo linaloniumiza zaidi sokoni ni kuvunjwa kwa seti. Boksi huchanwa kwa sababu limelowa, reli hupelekwa kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, transfoma hukatwa waya zitolewe shaba, na kichwa hubaki peke yake bila mabehewa. Boksi la asili, hata likiwa na pembe zilizopasuka, hubeba namba ya katalogi, na kwa modeli za kawaida linaweza kupandisha bei kwa kiasi kikubwa, kwa kuwa watoto wa wakati ule waliyatupa. Karatasi ya maelekezo, ufunguo, hata kibandiko cha duka kilicho na bei ya zamani, vyote ni sehemu ya kitu. Mchuuzi anayefungua belo na kukuta vitu hivi afunge kila kilichokuwa pamoja katika mfuko mmoja kabla ya kutaja bei yoyote.

Swali la bei sasa linaweza kujibiwa. Watu wa Kusini hawahitaji kufundishwa tofauti kati ya bei ya kusikia na bei ya mnada. Msimu wa korosho unapofunguliwa, maneno ya bei huzunguka vijijini, lakini mkulima anajua kwamba bei ya kweli ni ile iliyofikiwa mnadani, kwa korosho za daraja fulani, katika ghala fulani, siku fulani. Treni huthaminiwa vivyo hivyo. Bei ambazo wauzaji wa mtandaoni wameziandika juu ya vitu ambavyo havijanunuliwa ni matumaini yao. Kinachotafutwa ni orodha ya vitu vilivyokwisha kuuzwa, ambayo tovuti kubwa za minada huionyesha mtu akichagua hivyo, pamoja na matokeo yanayochapishwa na nyumba za mnada za vitu vya kuchezea kama Vectis ya Uingereza. Tafuta namba ileile ya katalogi, hali ileile, lenye boksi kwa lenye boksi. Mauzo kadhaa ya miezi ya karibuni yana uzito kuliko moja lililovunja rekodi.

Ukifanya hivyo utagundua kwamba sehemu kubwa ya yanayofika kwetu hayana bei kubwa. Lima ya Vicenza, Italia, ilitengeneza mabehewa ya plastiki kwa wingi mno, na mengi huuzwa kwa pauni chache tu. Seti za plastiki za Hong Kong ziko hapohapo au chini yake. Bei hupanda kwenye bati kubwa la kabla ya Vita Vikuu vya Pili la Märklin, Bing au Bassett-Lowke ya Uingereza, kwenye vitu vilivyotengenezwa kwa muda mfupi, na kwenye vile ambavyo soko la wakati wake lilivikataa. Mfano ni seti ya Lionel ya mwaka 1957 yenye kichwa cha rangi ya waridi, iliyokusudiwa wasichana: haikununuliwa sana wakati ule, na leo seti ya asili iliyo kamili hufikia maelfu ya dola. Lakini seti hiyohiyo ilitolewa upya miaka ya 1990, na watu wamewahi kupaka vichwa vya kawaida rangi ya waridi. Kwa hiyo panapokuwa na bei kubwa, angalia kama rangi imeingia ndani ya mfereji wa skrubu, kama vichwa vya skrubu vina alama za bisibisi kwenye treni inayodaiwa kutofunguliwa kamwe, na kama katoni ya boksi ni nyeupe mno ndani kuliko miaka yake.

Mnunuzi wa kulipa bei ya mkusanyaji si rahisi kumpata Mtwara, hivyo kutoka kwenye bei ya nje yapasa kuondoa ada ya tovuti au ya mnada, gharama ya posta hadi Ulaya au Marekani, na hatari ya kuvunjika njiani. Kichwa cha bati cha geji ya 0 ni kizito, na kwa modeli za bei ya chini posta peke yake hula faida yote. Hizo afadhali ziuzwe kwa mafungu, au zibaki nyumbani zikitembea kwenye reli zake. Zinazostahili kusafirishwa zipigwe picha pande zote sita kwenye mwanga wa mchana, maandishi ya tumboni yakionekana, na kila ufa utajwe. Wakati zikisubiri mteja, zihifadhiwe kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya viatu na mikoba mipya, mbali na dirisha linalotazama baharini, na kila kipande kivingirishwe kwa karatasi nyeupe isiyo na wino, kwa kuwa wino wa gazeti huhamia kwenye rangi wakati wa joto la Desemba.